Meno Thelathini na Tisa

Kwanza chomoa plagi.
Hata kama umeme umekatika Olovo nzima,
hata ukiniona nacheka, Rusmir, chomoa,
uiweke juu ya meza niione.
Kidole cha Ferid kimezikwa chini ya mplamu wake,
naye yupo, anasokota sigara kwa tisa vilivyobaki.

Sasa nati. Hii haifunguki kama nati nyingine:
ifuate diski inakozungukia.
Polepole. Hapo.

Itazame kwenye mwanga wa dirisha.
Wiki nzima tumepasua misonobari ya kule juu,
mbao mbichi, zinalia zikiguswa,
na kilio chao kimepikwa na kasi
kikawa gamba la rangi ya kahawa iliyoungua.
Ndiyo maana jana ubao ulitoa moshi,
ukausukuma kwa kifua,
ukasema, "Shangazi, hii butu, tununue mpya."
Pitisha ukucha. Umeona?
Si butu, ni chafu.
Muuza vifaa asingekwambia hayo.

Lete sinia la bibi yako, lile lililopinda,
alilookea pai za viazi siku za Idi.
Maji moto, magadi vijiko vitatu,
laza diski humo, ifunikwe yote.
Robo saa tu.
Jirani atakushauri dawa ya kuzibulia mabomba;
mwitikie, umshukuru, usiitie.
Meno haya yameshikwa na lehemu,
na lehemu ina roho nyepesi.

Tunywe kahawa.
Mvua inapiga bati. Maji yanageuka,
kwanza chai kavu, kisha matope,
na harufu inapanda, msitu mzima
ndani ya sinia moja.

Haya, mswaki.
Cheka, lakini meno ni meno.
Sugua mgongo wa kila jino, ubavu huu, ubavu ule,
usitumie waya wa chuma.
Hesabu, usiruke hata moja.

Thelathini na tisa.
Umeanza upya. Thelathini na tisa tena.
Kiwandani waliandika arobaini, ndiyo,
maandishi yanatokea sasa, uchafu ukiondoka.
Na lile pengo nalo linatokea.

Ilikuwa gogo la fito za dari,
nyoofu, halina hata fundo.
Katikati ya mkato, mlio kama kikombe kikivunjika,
na jino likaruka, likatoboa kalenda ukutani.
Ndani ya mti, kipande cha chuma
si kikubwa kuliko punje ya mahindi.
Mti ulikuwa umekimeza,
ukakifunga kwa pete ishirini na tatu
za miaka iliyonyooka, mipana, ya mvua nzuri.

Olovo, mji wetu, maana yake ni risasi.
Wa kale walichimba risasi hapa, ya mabomba na mapaa,
kabla hatujaletewa ile nyingine.

Kilitoka upande gani wa bonde, sikuuliza.
Baba yako alikuwa kule juu mwaka ule.
Nilimwekea kile chuma mezani, kando ya mkate.
Akakigeuza kwa ncha ya kisu,
akasema, "Nipitishie chumvi."
Ni kaka yangu; nikampitishia.

Zenica yupo fundi wa kupachika jino jipya.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema waliosema.
Mimi sina methali, nina uvivu,
na nimeshauzoea mlio wake.

Suuza. Kausha kwa fulana ile, si hii.
Tone la mafuta, ulipanguse, lisidoe mbao.
Irudishe, meno yakukabili wewe, kaza nati.
Plagi.

Sukuma kwa kijiti, kifua kikae nyumbani.
Unasikia? Inaimba, inameza mate kidogo,
inaimba.