Fuga

Boksi lilitoka Liège, katikati ya soksi na dawa za presha.
Binti yangu aliandika juu yake: Baba, usikae bure.
Ndani, vipande arobaini na kitu, kijivu cha moshi,
vimeng'ang'ania vijiti vyake kama ndakala wavuni,
na karatasi ya maelezo kwa lugha sita. Yetu haimo.

Fuga Majista. Kipimo: moja kwa sabini na mbili.
Mimi nina sabini na moja. Mwakani tutalingana.

Miaka thelathini nilifunga koili za mota kule Gekamini;
vidole hivi vinaujua waya kuliko vinavyoujua mkono wa mtu.
Nikakigeuza kile kidude, nikasema: hapana.
Aliyekichora hakuwahi kukiona kikimjia.
Pua fupi. Maungio ya mabati yametuna kama mishipa ya mzee,
na ile ilikuwa laini, laini ya kisu.
Kiti ni kibonge tu. Kioo, kitako cha chupa.

Basi msasa wa maji, ule wa mafundi magari wa mtaa wa Kenya.
Nikaifuta mistari yote, nikaichora upya kwa sindano ya cherehani,
hata tumboni, mahali ambapo hapatazamwi na mtu
isipokuwa aliyewahi kulala chali shimoni.

Kiti nimekikata kwenye tyubu ya dawa ya meno.
Mikanda, karatasi ya sigara. Bizimu zake, waya wa shaba
kutoka koili iliyoungua, mwembamba kama unywele wa kichanga.
Shaba ya hapa hapa.
Kioo nilikivuta kwenye chupa ya maji juu ya mbabula:
sita ziliungua, ya saba ikakubali.
Mjukuu wangu Mutoba akachungulia: Babu, unapika nini?

Kisha ile karatasi ikaniambia: tia risasi puani,
gramu tano, la sivyo ndege itakaa kitako.
Risasi!
Kiswahili kimenyima vitu hivi majina mawili:
kinachotuliza ndege na kinachotoka ndani yake.
Nikakataa. Nikatia punje tatu za malakiti
nilizookota njia ya Ruashi nikiwa bado na kaptura,
nikafunga, nikagundisha. Kijani chote kile gizani.

Nilikuwa na miaka sita.
Mama alitusukumia kwenye shimo la takataka, akatulalia.
Dada Numbi chini yangu, meno yake begani mwangu.
Haukuwa mlio wa injini. Ilikuwa shuka inachanwa,
shuka nzima ya mbingu, na mwenye kuichana hana haraka.
Kwapani mwa mama nikaona mkia: vidole viwili vimepanuka.
Ikapita. Nilikuwa nimelowa.

Kwetu kufuga ni kuku, ni njiwa, ni mbuzi wa Krismasi;
unamlisha, unamfungia jioni.
Hii nimeifuga miaka sitini na mitano bila kuipa punje.
Ilijilisha yenyewe, usiku.

Jumapili Numbi alikuja. Macho yake yana ukungu siku hizi.
Nikamwekea kiganjani, sikusema neno.
Akapapasa pua, bawa, akafika mkiani,
vidole viwili juu ya vidole viwili.
Chai ikapoa.
"Nyepesi," akasema. Na baadaye: "Umeipaka rangi gani?"
Bado, dada. Hapo ndipo mkono unapogoma.
Bendera zilizo kwenye boksi ni za watu wengine,
na ile niliyoiona mimi haimo,
wala sijui kama ningetaka iwemo.

Tangu jana gurudumu la mbele limedondoka,
dogo kama punje ya dengu. Umeme hakuna.
Tunalitafuta sakafuni, mimi na Mutoba,
kwa magoti, kwa tochi ya simu, vichwa chini,
kama watu waliosikia kitu angani.