Kipimo cha Njugu

Ukumbi wa Chemutai una mabati thelathini na mawili.
Nimeyahesabu kila filamu iliposhindwa kunishika.
Uko Kaptembwa, nyuma ya kinyozi,
na mimi ndimi mhakiki wake asiye na mshahara:
benchi la mwisho, daftari la kurasa tisini na sita,
pakiti ya njugu za shilingi ishirini.

Kipimo changu si cha chuo.
Filamu ya kutisha ikiisha na njugu zimeisha,
imekufa kabla ya watu wake.
Zikibaki kumi naandika, "Ina moyo."
Zikibaki zote, kiganja kimelowa, chumvi imeyeyuka,
siandiki kitu. Natafuta mtu wa kunisindikiza.

Hilo halijatokea mara nyingi.

Lile zimwi la kisimani, kwa mfano.
Kisima gani kisicho na hata chura?
Nywele zimelowa, viatu vikavu!
Nilitafuna mpaka maganda.

Wafu wanaotembea: wanajikokota
kama faili la shamba kwenye ofisi ya ardhi,
na bado wanawakamata watu wenye magari.
Damu yao nyepesi, ina povu. Aliyeipika
hajawahi kumchinjia mgeni jogoo.
Njugu: sifuri. Nilimwomba jirani zake.

Na ile nyumba yenye pepo.
Wanasikia vishindo darini, wanachukua mshumaa, wanapanda.
Wanapanda!
Huku kwetu ukisikia vishindo darini unahama alfajiri,
kodi ya mwezi unamwachia landilodi
apatane na huyo mpangaji mwenzako.

Mateke nayapenda, siwezi kuficha.
Ndiyo, maadui ishirini wanangoja zamu
kwa adabu, kama foleni ya benki;
lakini yule kijana mwembamba aliruka
na ukumbi mzima ukaruka naye,
hata Chemutai aliyekuwa akihesabu sarafu.
Alama nane. Nilisahau kula, ila si kwa woga.

Benchi la mbele hukaa Drusila Kerubo,
aliyestaafu kiwanda cha pareto.
Hufuma sweta za shule, za kijani,
macho kwenye filamu, vidole vikijiendea.
Zimwi limetoka, hakuruka kitanzi.
Kichwa kimekatwa, kikabingirika, akapima mkono wa sweta.
Vijana humwita Mama Chuma.
Mara moja nilimuuliza, "Hutishiki?"
Akasema, "Na nini?"
Nikaandika jibu hilo pembeni, nikidhani ni uhakiki.

Jumapili moja Chemutai alileta ya mapenzi.
Mvua ya kuigiza, taa ya manjano,
binti anakunja nguo.
Bwana harusi mtarajiwa amekuja usiku bila taarifa,
maua mkononi, amelowa kama mbuzi.
Akabisha.
Ngo, ngo, ngo.

Vijana wakapiga miluzi.
Sindano zikanyamaza.

Bonge la uzi lilidondoka, likapita chini ya mabenchi,
likiacha mstari wa kijani sakafuni,
mpaka kwenye kiatu changu.
Hakugeuka kulitafuta.
Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni
na mkono mmoja umeshika mdomo,
sio wake: wa mtoto wa jirani aliyekaa kando yake,
ameuziba kabisa, asilie, asisikike.

Chemutai akawasha taa.
Waliozaliwa baada ya mwaka ule wakauliza, "Kuna nini?"
Sisi wengine tulitazama mabati.

Ukurasa wa themanini na nne, mwandiko wangu mbaya:
"Ya mapenzi. Muziki mwingi kupita kiasi.
Busu moja, la uongo.
Mlango."
Chini yake: "Njugu, zote."

Usiku ule nilifika kwangu nimechelewa,
nikainua ngumi kama kawaida.
Nikaishusha.
Nikasimama gizani, baridi ya Menengai shingoni,
nikaita jina langu mwenyewe, la ukoo na la ubatizo,
kwa sauti ya chini, tena na tena,
mpaka mke wangu akafungua.