Aproni ya Arobaini

Msimu wa kumi na tisa huu
narekebisha gauni lile lile
la yule anayekohoa, anaimba, anakufa,
wala hachoki kufa.

Mkurugenzi Zdzisław, nisikilize.
Ng'ambo ya reli ya tramu, hapa hapa Łódź,
panapouzwa viatu leo
palikuwa kiwanda.
Mama yangu Bogumiła alisokota pamba humo zamu ya usiku,
akarudi alfajiri na nyuzi kwenye nyusi,
sikio la kushoto limekufa ganzi kwa kelele.

Kuna opera mpya, nimeisikia redioni:
mashine za kufuma ndizo ngoma,
wanawake arobaini jukwaani,
malkia hakuna.

Tuicheze hiyo.

Mavazi? Aproni tu.
Nitashona bure
thelathini na tisa.
Ya arobaini ninayo,
haijafuliwa.