Sululu wa Nyakato

Tuliikuta ghalani Nyambiti, nyuma ya mizani ya pamba,
kuku wametagia kiti cha nyuma,
nyigu wamejenga ndani ya taa.
Humber ya mwaka hamsini na tatu,
nyeusi, au iliwahi kuwa nyeusi,
na juu ya pua yake ndege mmoja wa chuma,
mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia.
Baba akamfuta vumbi kwa mkono wa shati.
"Sululu," alisema.
Nikadhani anataka ile ya kuchimbia.

Kitabu chake kinasema kwao walianza na baiskeli:
mhunzi mmoja, moto wake, nyundo yake,
akipinda bomba na kuunga gurudumu kwa gurudumu,
miaka mingi kabla warithi wa kazi yake
hawajashona viti vya ngozi vya kukalia mabwana.
Nilicheka peke yangu gereji.
Kumbe tu ndugu!
Nani wa kutufundisha baiskeli sisi wa Usukuma,
inayobeba magunia mawili na mbuzi juu,
na usiku ule ule mgonjwa wa Bugando?

Miezi kumi na minne.
Spana zangu za milimita ziligoma,
kila nati inazungumza inchi.
Nikaazima kwa mafundi wa meli, bandari ya kusini,
wao wanaishi na injini za rika hilo.
Mbao za dashibodi zilikuwa za mjozi wa ng'ambo;
mchwa wa Nyambiti hawakuuliza bei.
Seremala wa Igogo akanichongea mninga.
Ngozi ni ya ng'ombe wa Magu,
ina kovu la chapa, refu kama kidole,
nikaliacha lionekane
upande ule aliokuwa akikaa bwana.

Kiwanda chenyewe hakipo. Jina liliuzwa,
likauzwa tena, likafa mikononi mwa wageni.
Hakuna wa kumwandikia barua kumwomba gasketi;
nilikata yangu kwenye shaba ya boila kuukuu.
Lakini ndege wenyewe wangali wanakuja.
Novemba, ukishuka matopeni Luchelele,
utawaona wanadungadunga, wanadungadunga,
wametoka kule kule kilikotoka chuma hiki,
bila kibali, bila ushuru,
na Machi wanaondoka bila kumdai mtu.

Baba aliiendesha miaka kumi na tisa.
Kofia. Glavu nyeupe, jozi mbili kwa mwaka.
Bwana Vithaldas wa jineri hakuwa mtu mbaya,
alilipa karo yangu ya darasa la kwanza.
Alimwita "dereva".
Sijui kama alijua Luhende ni jina la nani.

Jumapili tulipoitoa,
watoto wa Mabatini walikimbia nayo mpaka darajani.
Nilikuwa nimemfungulia baba mlango wa nyuma.
Alisimama pale kama mtu aliyekosea nyumba,
akavua viatu,
nikamwambia avivae,
akaingia.
Kofia nikavaa mimi, ikanifika masikioni.
Tukapanda Isamilo kwa gia ya pili,
injini ikinong'ona tu, haina haja ya kupaza sauti,
hadi ziwa likafunguka chini yetu lote,
na mawe yake, na feri ya Kamanga kama punje.

Nikamwuliza kupitia kioo: "Unaonaje huko?"
Kimya, mpaka kona ya pili.
"Kisogo chako," alisema.
"Miaka yote ile nilidhani wanaangalia ziwa."

Halafu akagonga kiti changu mara mbili.
Simama. Shuka. Lete kofia.
Daktari amemkataza usukani tangu mwaka juzi,
nami nilitaka kumkumbusha, Mungu anajua.
Nikazunguka, nikaingia nyuma,
nikakaa juu ya kovu la ng'ombe wa Magu,
na njia nzima ya kuteremka
sikuliona ziwa.