Asilimia ya Kuvunjika

Fomu ya Mize ina siku tatu juu ya kabati,
imelaliwa na kopo la sukari isipeperuke.
Visanduku vinne, na kalamu ya wino
iliyofungwa uzi kama kalamu ya posta.
Chagua tahasusi, imesema fomu.
Haikusema kwa moyo gani.

Wete nzima ina rai.
Ami Shaame: "Hisabati ya Juu, mwanangu, ndiyo itoayo wahandisi."
Bi Mkasi wa jirani: "Mtoto wa kike na fizikia? Ataharibu macho."
Maalim Hamad kasema ipo na ile nyepesi, hesabu za matumizi,
wanayosoma watu wa baiolojia, haijaua mtu.
Mama anaanua karafuu, wingu limesimama upande wa Mtambwe,
anasema tu: "Kamuulize kaka yako."

Kaka yake ni mie.
Mie niliyechagua ya Juu kwa sababu ya neno Juu.
Niliingia darasani kifua mbele,
nikatoka na herufi ambayo mama hajaiuliza hadi leo.
Kanuni nilizijua kama kasuku ajuavyo hodi:
aitika vizuri, hamjui aliyebisha.
Siku hizi nabandika vigae.
Magoti yangu yanaujua mraba kuliko kichwa.

Sasa nimwambie nini?
Nikisema nenda, namtuma akanilipie deni langu.
Nikisema usiende, namvisha kovu langu, naye hajaumia.
Nikasema, "Kesho twende kazini, Limbani."

Sebule ya Limbani ukuta mmoja umekwenda pogo.
Kwa kawaida mie hutazama, hukuna kidevu,
huongeza makasha mawili kwa hofu,
na mwenye nyumba huilipia hofu hiyo.
Mize akachukua futi kamba, akapiga magoti,
akachora pembetatu nyuma ya risiti ya saruji,
akafuta, akachora tena, midomo ikinong'ona.
"Mia na arobaini na sita. Vipande vitakwenda pale mlangoni."
Mwenye duka akakubali kufungua kasha.
Nikanunua mia na arobaini na sita. Kwa ubishi tu.

Alasiri, kigae cha mia na kumi na tatu
kikapasuka mkononi mwangu, kacha!
kikagawanyika ovyo kama mirathi isiyo kadhi.
Nikacheka. "Haya, mtaalamu, hesabu yako iko wapi?"
Hakuona haya. Alikiokota, akakitazama ubavuni.
"Hesabu ni sawa. Kilichovunjika ni kigae.
Kaka, katika mia, huvunja vingapi?"

Miaka sita, sijawahi kujiuliza.
Vitano? Kumi?
Nilijua kuogopa, sikujua kiasi.
"Basi anza kuandika," akasema,
"vya ukutani mbali, vya sakafuni mbali,
na siku ya haraka mbali."
Akalitwaa daftari langu la madeni, akapiga mistari.

Usiku ule umeme ulikuwepo, kwa bahati.
Kopo la sukari likashuka kabatini.
Nilimsikia akimuuliza mama
pishi ngapi za karafuu mbichi hutoa pishi moja kavu,
na mvua ikizinyeshea, je?
Mama akajibu papo hapo, bila kalamu, bila kusita,
nasi tukatazamana:
kumbe hisabati ilikaa jamvini siku zote,
ikitupikia chai.

Asubuhi fomu ilikuwa bahashani, imefungwa.
Ami Shaame akauliza, "Kachagua ipi?"
Nikamwambia sijui, na kweli sikujua,
nikabeba mwiko wangu nikaondoka.

Leo niko Jadida, choo cha watu wenye wageni Ijumaa.
Kigae cha tisa kimenitoka.
Nimefuta mikono, nimevuta daftari:
Ukutani. Siku ya haraka.
Kimoja.