Tarehe ya Karani

Arua, juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
nimeandika vikorokoro vinne vya msimbo.
Si programu. Ni watumishi wa uani:
mmoja hufungasha, mmoja hufungua,
wa tatu huchungulia furushi bila kugusa fundo,
akasoma majina, akaondoka zake.
Wa nne ni bawabu. Jina la faili likija
na nukta mbili, mkwaju, nukta mbili, mkwaju,
likitaka kupanda hadi chumba lisichoalikwa,
hulirudisha: mgeni hulala sebuleni.

Mzigo wenyewe ni kadi za zahanati,
elfu sita mia mbili na tatu.
Ezaruku alizipiga picha moja moja kwa simu yake,
nyingine zimeliwa pembe na mchwa,
nyingine zanuka mafuta ya taa hata kwenye kioo, naapa.
Kila picha nimeipa tarehe ya mtoto,
si siku ya kamera,
siku ya kilio cha kwanza.

Jana saa nne usiku, jenereta likikohoa chini,
furushi likagoma.
Mstari mmoja, mwekundu:
muundo huu haujui mwaka wowote kabla ya 1980.

Nilicheka. Waliouunda walidhani
dunia ilianza siku mashine zao zilipowashwa.
Hata sekunde wanazihesabu mbili mbili;
aliyezaliwa kwenye witiri
husukumwa hadi shufwa, kimya kimya.

Kadi iliyokwama: 3118.
Mvulana. Kilo mbili na robo.
14 Novemba 1979.
Mama: Ayikoru.

Ayikoru ni bibi yangu.

Dawa yake inajulikana, mistari mitatu:
mwaka ukipungua 1980,
mpe Januari mosi, 1980,
songa mbele.
Nikaiandika. Ikapita.
Watoto mia nne na kumi na mmoja
wakazaliwa upya kwa pamoja, saa sita kamili ya usiku,
bila mkunga hata mmoja.

Ndipo nikakumbuka kitambulisho cha bibi.
Januari mosi.
Ng'ambo ya mpaka, kwenye meza ya wakimbizi,
karani alimwuliza, umezaliwa lini?
Akajibu: mwaka wa nzige,
mahindi yakianza kuota ndevu.
Karani hakuwa mtu mbaya. Foleni ilikuwa ndefu,
na kalamu ilikuwa moja.

Mistari mitatu tu,
nami nikakalia kiti chake.

Nimeifuta.
Kila faili ndani ya furushi ina kijisehemu cha maoni,
wengi hukiacha kitupu kama mfuko wa koti la kuazima.
Humo nimeweka siku halisi,
nikamwajiri mtumishi wa tano:
kazi yake kusoma mfuko kabla ya kuamini lebo.
Nikafungasha, nikafungua, nikalinganisha.
Mia nne na kumi na mmoja, kila mmoja na siku yake.

Asubuhi nikampigia bibi.
Sikumweleza furushi wala muundo.
Nilimwambia tu kwamba baba mdogo,
yule aliyebaki Kongo chini ya mawe matatu,
alizaliwa tarehe kumi na nne, siku ya Jumatano.

Kimya. Kuku wake nikawasikia.
"Jumatano," akasema.
"Miaka yote hii nimekuwa nikimlilia Alhamisi."