Mlima wa Kitambaa

Waliniita kurekebisha bawaba, ghorofa ya pili,
nyumba ya Lakhamshi, nyuma ya soko la dhahabu, Matrah.
Viatu nje. Na mkanda wangu pia:
"Ngozi haipandi huku,"
akasema Motiben, kwa Kiswahili cha Unguja.

Ukutani kitambaa, kirefu kuliko mlango:
mlima wa rangi, mahekalu yamebanana kileleni
kama meno ya kitana,
mahujaji wadogo kama punje za mchele.
Babu wa mumewe alikiagiza
mwaka ule nauli ya Gujarati ilipomshinda.
Tangu hapo, kila mwezi mpevu wa Kartiki,
wanasimama hapa, wanapanda kwa macho.

Nikauliza, ngazi ngapi?
"Elfu tatu na ushei. Mchoraji alichora mia na nne.
Zilizobaki ni zetu."

Nilipotaka kugonga msumari
akanishika mkono.
Akapiga magoti na ufagio wa sufu,
akawasogeza sisimizi watatu, mmoja mmoja,
hadi kwenye nyufa salama.
Ndipo nikagonga.

Wakala kabla jua halijazama. Mimi nikashuka
nikihesabu vidato: kumi na saba.
Nyuma yangu mlango ukafungwa.
Haukulia.